Maktaba bila faini: kitabu kikichelewa au kikipotea hufanywaje?

Tuseme maktaba inatoza shilingi 10 kwa kila siku ya kuchelewa. Mtoto wa Kisauni ameazima kitabu cha shilingi 600, kikasahaulika chini ya godoro. Siku ya 60 faini imefika bei ya kitabu chenyewe. Hapo mzazi huona afadhali anyamaze, na mtoto haonekani tena maktabani. Kitabu kimekwenda, msomaji amekwenda, na hiyo faini haijalipwa.

Ndiyo maana maktaba nyingi zimeachana nayo. Ayalandi iliifuta nchi nzima mwaka 2019, Chicago ikafuata Oktoba mwaka huo huo, na New York Oktoba 2021. Hapa kwetu Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hivyo mjadala huu ni wa Mombasa pia.

Kinachofutwa ni tozo ya siku. Deni la kitabu linabaki palepale, na utaratibu wake wa kawaida ni huu: siku chache kabla ya tarehe ya kurudisha, msomaji hutumiwa ujumbe wa simu. Ikiwa hakuna mwingine anayekingoja kitabu, muda huongezwa wenyewe. Muda ukiisha kabisa, ukumbusho hurudiwa na kadi hufungwa asiazime kingine. Baada ya kama mwezi mmoja kitabu huandikwa kimepotea na msomaji hudaiwa bei yake. Akikileta, deni hufutwa lote.

Utaratibu huu huharibikia kwenye nambari ya simu. Watu hubadilisha laini, na fomu za watoto huandikwa nambari ya mjomba aliyehamia Mtwapa. Ithibitishe kila mtu anapokuja kuazima, na uchukue ya pili.

Jambo jingine ni msomaji anayesema, “Nilisharudisha.” Usianze kubishana naye. Chukua nambari ya kitabu uende rafuni: tazama rafu ya juu na ya chini yake, kisha ingiza mkono nyuma ya vitabu, kwani vile vyembamba vya hadithi hutelezea huko. Kagua na vilivyopokewa bila kufutwa kwenye rejista. Usipokiona, rudia baada ya wiki mbili kabla ya kumdai mtu.

Kwa kilichopotea kweli, mkubalie mtu alete nakala nyingine ya kitabu hicho hicho, toleo hilo au jipya zaidi, hata iwe ya mtumba mradi kurasa zimetimia. Akilipa pesa, apewe risiti yenye jina la kitabu, ili kikionekana baadaye arudishiwe. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo apangiwe awamu, na kadi ifunguliwe kwa kitabu kimoja.

Kitabu kilicholowa mvua kisianikwe juani, kitajikunja. Kisirudishwe rafuni pia, maana kwa unyevu wa Pwani kuvu huhamia jirani upesi. Kitiwe mfukoni peke yake na kikabidhiwe mkutubi mkononi.

Sanduku la kurudishia nje ya saa za kazi liwekwe chini ya paa. Lifunguliwe kila asubuhi kabla ya mlango, na vitabu vilivyomo viandikwe tarehe ya jana.