Mwalimu Mpya na Imani Alizotoka Nazo Dawatini

Mwalimu anayeripoti kituo chake cha kwanza cha kazi haendi mikono mitupu. Kabla ya kukanyaga chuo cha ualimu ameshakaa darasani miaka 7 ya msingi na 4 ya sekondari, na kama alipitia kidato cha tano na sita, ongeza 2. Muda wote huo alikuwa akiwatazama walimu wakifanya kazi. Dan Lortie, mwanasosiolojia wa Marekani, aliliandika jambo hili mwaka 1975. Alikadiria kuwa kijana wa kwao anapomaliza sekondari ameshakaa mbele ya walimu kwa takriban saa 13,000, akauita muda huo uanagenzi. Ila uanagenzi wenyewe una kasoro: mwanafunzi anaona chaki, fimbo na alama nyekundu. Haoni andalio la somo, wala haelewi kwa nini mwalimu kachagua mfano huu akauacha ule.

Ndiyo maana wiki za BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya wanachuo, hazitoshi kuziondoa imani hizo. Na ukizichunguza, nyingi zinafanana kwa jambo moja. Zinapima alichofanya mwalimu, hazigusi kilichobaki kichwani mwa mwanafunzi.

“Wameitikia ‘ndiyo’, basi wameelewa”

Mwalimu amemaliza kueleza, anawageukia wanafunzi: “Tumeelewana?” Darasa zima: “Ndiyooo, mwalimu!” Anafuta ubao na kuendelea.

Itikio hilo ni adabu tu. Mtoto amelelewa akijua kwamba mkubwa akiuliza swali la namna hiyo, jibu lake ni moja. Hata angekuwa jasiri, nani atanyoosha mkono katikati ya wenzake 80 kusema hajaelewa, halafu achekwe mpaka mapumziko? Dhana hii ina pacha wake: darasa lililotulia kimya ndilo linalojifunza. Utulivu unahitajika, sikatai, lakini mwanafunzi anaweza kutulia tuli huku akiwaza ugali wa mchana.

Mary Budd Rowe alirekodi vipindi vya sayansi huko Marekani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974. Alikuta kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde 1 hivi, kisha humrukia mwanafunzi mwingine au hujijibu wenyewe. Walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza kujibu, wakiwemo wale waliokuwa wakihesabiwa wazito. Sekunde 3 mbele ya darasa ni nyingi ajabu, na mwalimu mgeni huuona ukimya huo kama aibu yake. Auvumilie. Aulize, ahesabu moyoni, ndipo ataje jina.

“Aliyekosa hakusikiliza”

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wino mwekundu mwingi unapomwagika bure.

Fungua daftari la hisabati la kidato cha kwanza. Swali: 3/4 + 1/2. Jibu: 4/6. Mwalimu anapiga mkasi, anaandika “Kuwa makini!”, anafungua daftari linalofuata. Huko nako ni 4/6. Na la tatu vilevile. Watoto watatu hawawezi kuzembea kwa namna moja.

Fuata njia aliyopita mtoto: kajumlisha kiasi kwa kiasi, 3 na 1 ni 4; kajumlisha asili kwa asili, 4 na 2 ni 6. Kujumlisha kwenyewe hakukosea hata mahali pamoja. Amechukua kanuni ya namba nzima akaipeleka kwenye sehemu, na pengine amekumbuka kuwa kwenye kuzidisha sehemu mambo huenda hivyo hivyo, juu kwa juu, chini kwa chini. Kosa hili lina akili ndani yake. Mkasi mwekundu hauligusi, kwa sababu unamwambia kuwa amekosa bila kumwonyesha fikra yake imepotelea wapi.

Mwite umuulize bila ukali: “Ulikuwa na robo tatu ya mkate, nimekuongezea nusu. Una mkate mzima, au haujafika?” Wengi watasema umefika na kuzidi. “Haya, jibu lako ni 4/6, yaani theluthi mbili. Theluthi mbili na robo tatu, ipi kubwa?” Akichora mistatili miwili ya urefu sawa na kuigawa, ataona robo tatu ndiyo kubwa. Kwa hesabu yake, ameongezewa mkate ukapungua! Hapo ndipo kigawe kidogo cha shirika kinapopata kazi. Kabla ya hapo kilikuwa jina refu la kukariri.

Mwalimu wa madaftari 90 hawezi kufanya mazungumzo haya na kila mtoto, wala haihitajiki. Asahihishe madaftari 10 akitafuta kosa linalojirudia, kesho yake aliandike ubaoni bila kumtaja mwenyewe, darasa zima lijadili.

“Kazi yangu ni kumaliza silabasi”

Shinikizo lipo, na si la kubuni. Mwalimu wa taaluma anauliza umefika mada ya ngapi, azimio la kazi lina tarehe, mthibiti ubora anaweza kuingia wakati wowote, na mtihani wa taifa haukusubiri. Hata hivyo, silabasi inaweza kumalizika na darasa likawa limeachwa kituoni.

Kuna utafiti mmoja wa Kenya ambao kila mwalimu wa huku kwetu angepaswa kuufahamu. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule za msingi za vijijini magharibi mwa Kenya zilizopewa vitabu vya kiada vya serikali. Kila mtu angetarajia alama zipande. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa wastani haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale ni lugha ya tatu, na viliandikwa kwa kiwango ambacho mtoto wa kawaida hakikamati. Kitabu kilikuwepo, mada ilikuwepo, mtoto hakuwepo.

Ukweli ni kwamba mwalimu akiendesha somo kwa kasi ya watano wa dawati la mbele, anawafundisha hao watano. Juma la kwanza la muhula litumike kujua darasa limefika wapi hasa, hata kama mada hiyo ilipaswa kuisha darasa la tano.

“Nikitumia Kiswahili nitawaharibia Kiingereza”

Hii ni ya walimu wa sekondari Tanzania, na inabishaniwa sana, kwa hiyo nitasema ninavyoona. Sera inasema sekondari ni Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na mwalimu hana mamlaka ya kubadili hilo. Lakini tangu ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 imejulikana kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kubebea masomo. Miaka ya 2000, watafiti wa mradi wa LOITASA, uliochunguza lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, walilinganisha madarasa yaliyofundishwa mada zilezile kwa lugha hizi mbili, na wale wa Kiswahili wakaelewa zaidi.

Mwanafunzi anaweza kunakili tafsiri ya osmosisi kwa mwandiko mzuri, tahajia safi, na asijue kwa nini kipande cha kiazi kibichi kilicholowekwa kwenye maji ya chumvi usiku asubuhi kimesinyaa. Kutumia Kiswahili kufungua dhana, kisha kumjenga mtoto aiseme kwa sentensi zake za Kiingereza, hakuui Kiingereza. Kinachokiua ni kuimba maneno yasiyo na maana. Ila mwalimu akiishia kwenye Kiswahili tu kwa sababu ni rahisi, naye anamwonea mtoto, kwa kuwa karatasi ya Novemba haitabadilika.

“Bila fimbo hawasomi”

“Mbona sisi tulichapwa na tumefika?” Walioacha shule kwa kuogopa fimbo hawapo kwenye ofisi ya walimu kutoa ushahidi wao.

Sheria nayo haisemi kile walimu wengi wapya wanachodhani. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 haziruhusu zaidi ya viboko 4, tena kwa kosa kubwa, na mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Adhabu inaandikwa kwenye kitabu, na msichana huadhibiwa na mwalimu wa kike kama yupo. Kumchapa mtoto kwa kukosa hesabu, au kulizungusha darasa zima fimbo kwa kushindwa jaribio, hakumo. Kenya iliifuta adhabu hiyo shuleni tangu 2001. Hofu inamfundisha mtoto kunakili kwa jirani, jambo ambalo ndilo linalomficha mwalimu kosa la 4/6.

Dhana nyingine, ya kwamba kila mwanafunzi ana mtindo wake wa kujifunza, huyu wa macho, yule wa masikio, mwingine wa mikono, haihitaji maneno mengi, ingawa inafundishwa hata vyuoni. Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti mwaka 2008, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa “mtindo wake” kunamfanya ajifunze zaidi. Ramani inahitaji macho na matamshi yanahitaji masikio, kwa watoto wote.

“Jaribio ni la kupima tu”

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu matini ya kusoma. Kundi moja likaisoma tena. Jingine likafunga karatasi na kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma mara mbili walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki 1 walikumbuka asilimia 42, waliojijaribu asilimia 56. Hiyo ni 2006, na jambo hilo limethibitishwa mara nyingi tangu hapo. Kule kuvuta jibu kutoka kichwani ndiko kunakolikaza.

Kwa hiyo “pitieni notsi zenu” ni agizo dhaifu. Afadhali maswali matatu ubaoni kila kipindi kinapoanza, madaftari yamefungwa, dakika 5: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Wabadilishane karatasi, wasahihishane, na alama zisiingizwe popote. Wakishaanza kuzoea, mwombe mmoja wao atunge lile la tatu.