Airstream iliyotelekezwa: kagua ukingo wa sakafu kabla ya kutoa hela

Ukiikuta Airstream (trela la alumini la Marekani la kuishi ukiwa safarini) ya miaka ya 1960 au 1970 imeachwa nyuma ya ghala huko Ohio au Texas, nyasi zimefika madirishani, macho hukimbilia bati lililobonyea na makochi yaliyoliwa na panya. Hayo yana dawa. Makochi yatatupwa hata hivyo, na bonyeo dogo halimzuii mtu kusafiri. Kulifufua trela au kuliacha huamuliwa na mahali pasipoonekana: sentimeta kumi za mwisho za plaiwudi ya sakafu, pale inapokutana na ukuta, pamoja na chuma kilicho chini yake.

Sababu iko katika namna lilivyoundwa. Trela hili halina chesisi nzito inayobeba kila kitu peke yake. Gamba la alumini, yaani matao yaliyofunikwa bati nje na ndani kwa ribiti, linashirikiana na chesisi kubeba mzigo. Gamba limesimama juu ya reli ya alumini inayozunguka trela zima, reli imekaa juu ya plaiwudi ya inchi 5/8 (karibu milimita 16), na plaiwudi imelala juu ya chesisi ya chuma. Bolti hupita vyote vitatu na kuvikaza pamoja. Plaiwudi ikioza, bolti zinabaki mahali pake lakini hazibani kitu. Gamba na chesisi vinaanza kila kimoja kwenda kivyake.

Maji nayo yana njia yao. Yakipenya kwenye kipumulio cha paa, fremu ya dirisha au tundu la ribiti iliyong'oka, hayadondoki chumbani ukayaona. Yanashuka katikati ya bati la nje na la ndani, yanalowesha sufi ya faibaglasi, kisha yanatua kwenye reli na kunywewa na ukingo wa plaiwudi. Ndiyo maana katikati ya sakafu huwa pakavu na pagumu hata trela likiwa limekwisha. Muuzaji ataruka-ruka pale katikati kukuonyesha uimara. Mwache aruke.

Kabla ya kuingia, fungua mlango na madirisha, uondoke kwa nusu saa. Marekani kuna panya wa porini wanaobeba virusi vya hanta, na vumbi la kinyesi chao likivutwa puani linaweza kuua. Usifagie wala kutumia mashine ya kuvuta vumbi. Vaa glavu na barakoa ya N95, nyunyizia kinyesi na viota maji yenye dawa ya klorini (sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji), subiri dakika tano, ndipo ufute kwa karatasi na kuifunga ndani ya mfuko wa taka.

Chukua tochi na bisibisi nyembamba au msumari mnene. Fungua makabati ya chini, inua zulia na vinyl pembeni, choma plaiwudi ukifuata ukuta kila kama sentimeta 20. Plaiwudi nzima inaikataa ncha na kutoa mlio mkavu. Iliyooza inaipokea kama boflo. Usiruke pembe mbili za nyuma, chini ya kizingiti cha mlango, chini ya dirisha kubwa la mbele, kuzunguka matundu ya magurudumu na nyuma ya friji. Ukikuta kipande kipya cha plaiwudi kimepachikwa, choma pembeni yake. Wengi walioziba walikata kilichoonekana tu na kuacha kilichofichwa chini ya reli, na hicho ndicho kilichoshikilia bolti.

Sasa nenda nyuma. Mtu mmoja asimame juu ya bampa na kuliyumbisha juu na chini. Wewe piga goti, weka kidole pale gamba linapokutana na bampa. Vikisogea pamoja, vizuri. Bampa likishuka na gamba likabaki, nafasi ikifunguka na kufumba chini ya kidole chako, mkia umeachana. Ugonjwa huu umezoeleka sana kwenye matrela marefu ya miaka ya 1970, hasa aina ya Sovereign ya futi 31 yenye bafu nyuma kabisa. Bafu linavuja, tangi la choo linaning'inia mbali nyuma ya ekseli, na bamba la sanduku la bampa linaingia chini ya gamba na kupeleka maji ya mvua moja kwa moja kwenye plaiwudi. Nikichagua kati ya mawili ya umri mmoja na bei moja, nachukua lenye bafu katikati bila kufikiri mara mbili.

Mkia ulioachana si hukumu ya kifo. Kinachoamua ni chesisi. Chini kumefunikwa bati la alumini, kwa hiyo omba ruhusa ya kung'oa ribiti chache nyuma na kufunua nusu mita. Muuzaji akikataa, punguza bei yako kana kwamba chuma kimeoza, maana mara nyingi ndivyo kilivyo. Gonga kwa nyundo boriti mbili ndefu zinazotoka mbele hadi nyuma. Kutu ya juujuu inabanduka na chuma kinalia. Kutu ya kweli inatoka kwa matabaka na nyundo inatoa mlio mfu. Vuta uzi kutoka mbele hadi kwenye bampa, uangalie kama boriti imeinama baada ya ekseli. Mikono midogo inayotoka pembeni kushika ukingo wa sakafu huliwa mapema zaidi, ila hiyo isikutishe: ni kazi ya fundi wa kuchomelea ya siku moja au mbili, sakafu ikishatolewa.

Kwa hiyo nayaweka hivi. Uozo wa madoa machache, mbali na mstari wa bolti, unazibwa na trela linapanda barabarani msimu huohuo. Ukingo wa nyuma ukiwa umeoza lakini boriti ni nzima, utang'oa bafu, mabati ya ndani ya chini na plaiwudi ya mwisho, kisha utarudisha kila kitu. Ni kazi kubwa, lakini mtu mwenye zana na subira anaiweza nyumbani. Boriti zikiwa zimetoboka au kupinda, gamba lazima linyanyuliwe lote. Hapo unahitaji banda refu, winchi na mbao za kulikaza gamba lisipanuke, na saa za kazi si ajabu kuvuka 1,000. Fanya hivyo kwa trela fupi linalotafutwa, kama aina ya Bambi ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa Sovereign ya futi 31 pesa hairudi, na mimi simshauri mtu.

Plaiwudi yenyewe si gharama ya kuogopesha. Karatasi ya futi 4 kwa 8 hulazwa kwa upana, kila moja ikila futi nne za urefu, na kwa kuwa urefu wa trela unahesabu pia chuma cha mbele cha kuvutia, trela la futi 22 linataka kama karatasi tano na la futi 31 kama saba. Nunua yenye gundi ya kustahimili maji, pande zote zikolezwe epoksi, na hasa kingo na matundu ya bolti. Usinunue mbao zilizotiwa dawa ya shaba kwa kudhani unajiongezea uhai: shaba hiyo hula alumini, na baada ya miaka michache reli ndiyo itakayokuwa imetoboka. Vilevile chuma na alumini visigusane vitupu. Weka utepe au rangi nzito katikati.

Ekseli inasahaulika sana. Tangu 1961 Airstream zimefungwa ekseli zisizo na springi. Ndani ya bomba kuna fito za mpira zinazobanwa gurudumu linapopanda. Mpira huo hugeuka mgumu kwa umri, na trela lililosimama miaka 20 mpira wake umeganda katika mkao uleule. Tazama mkono unaotoka kwenye bomba kwenda kwenye gurudumu. Ukiwa umeelekea chini, una uhai. Ukiwa umelala sawa na ardhi au umepanda juu, ekseli imekufa. Nyanyua kwa jeki iliyowekwa kwenye chesisi, kamwe si kwenye bomba: gurudumu likiachana na ardhi papo hapo bila kushuka kwanza, jibu ni lilelile. Ekseli mpya za kipimo hicho bado zinatengenezwa kwa oda, kwa hiyo ni gharama tu. Lakini usiipuuze. Ekseli iliyokufa hupeleka kila shimo la barabara kwenye ribiti, na ukarabati wako wote unaanza kulegea.

Wapo wanaojibu kwamba matrela haya ni magumu, yalishavuka Afrika. Ni kweli: msafara wa Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni, ulitoka Cape Town hadi Cairo mwaka 1959 na 1960 ukiwa na matrela 41, ukapita Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya na Ethiopia. Lakini yale yalikuwa mapya, plaiwudi kavu, na mafundi waliongozana nayo.

Madirisha yakague kwa mwaka wa trela. Ya 1966 hadi 1968 yana vioo vyembamba vilivyopinda vilivyotengenezwa na kampuni ya Corning. Kioo kimoja kikivunjika, kupata kingine ni kusaka kwa waliobomoa trela kama lako, na bei wanapanga wao. Hesabu vioo vizima kabla ya kupatana. Bati lililobonyea vibaya mbele au nyuma, penye mviringo, ni ghali kuliko la ubavuni, kwa sababu huko kila kipande kina umbo lake. Kuhusu kung'arisha, liwe la mwisho kabisa. Wengi hung'arisha mwezi wa kwanza, wakaja kuziba viungo mwaka wa pili na kuchafua kila kitu. Na unapoziba, tumia gundi ya poliyurethani. Silikoni ikishapakwa, hakuna kitakachoshika juu yake, hata silikoni nyingine.

Umeme na gesi sivijadili sana, kwa sababu jibu langu ni kung'oa. Baadhi ya matrela ya miaka ya 1970 yana nyaya za alumini kwa umeme wa volti 120, na maungio yake hulegea na kuchemka. Friji ya gesi yenye doa la njano nyuma na harufu ya amonia imekwisha. Mitungi ya zamani ya gesi mara nyingi haijazwi tena.

Kabla ya yote hayo, makaratasi. Tafuta namba kwenye kibao karibu na mlango na iliyogongwa kwenye chuma cha mbele cha kuvutia, uhakikishe zinafanana na hati. Trela kuachwa kwenye shamba la mtu hakumfanyi mwenye shamba kuwa mmiliki. Kila jimbo lina utaratibu wake wa chombo kilichotelekezwa, pamoja na kumtaarifu mwenye jina kwenye hati. Majimbo mengine hukuruhusu kupata hati kwa kuweka dhamana ya bima, mara nyingi mara moja na nusu ya thamani ya trela. Waulize polisi kama namba haijaripotiwa kuibiwa, na ufanye hivyo kabla pesa haijatoka mfukoni.

Ukiamua kulichukua, usilivute kwa tairi ulizozikuta. Kwa tairi za kuanzia mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, na tairi ya trela iliyozidi miaka sita ni ya kutupa hata kama kashata zake bado ndefu. Fungua vitovu, safisha beringi, weka grisi mpya. Funga vipumulio vya paa kwa utepe mpana, kaza mlango kwa kamba, na tundika taa za muda nyuma. Baada ya kilomita 15 simama ushike kila kitovu kwa mkono: kisichoshikika kwa joto, beringi yake imekufa, na kutoka hapo trela lipakiwe juu ya lori.