Kutega maiki ukiwa kwa watazamaji: maana yake nini?

Kutega maiki ni kuamua isimame wapi, kwa urefu gani, na ielekee upande gani, kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi. Kwa fundi aliye jukwaani hiyo ni kazi ya sentimita: hapa mdomo, pale ngozi ya ngoma. Kwako wewe uliyekata tiketi na kujibana na wenzako uwanja wa Nangwanda Sijaona, ni kazi ya hatua. Bendi huifikii, kwa hiyo unachopima hasa ni muziki uingie kiasi gani, na uwanja wenyewe uingie kiasi gani.

Sikio ndilo linalotuponza. Unamsikia mwimbaji vizuri, na jirani anayesimulia bei ya korosho mnadani humsikii mpaka akuguse bega. Sikio linachuja, maiki haichuji. Inaokota kila sauti kwa nguvu iliyonayo pale ilipo. Ndiyo maana mtu anafika nyumbani, anafungua simu, anakutana na vigelegele vya mama mmoja na muziki unaotoka kama ndani ya pipa.

Pipa hilo ni mwangwi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kama ukuta uko mita 17 nyuma yako, sauti iliyokupita inaugonga na kukurudia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kila pigo la ngoma linakuja na mdogo wake. Ndani ya ukumbi ulioezekwa bati wadogo hao ni wengi, wanatoka kila upande. Ukirudi nyuma, muziki unaotoka moja kwa moja kwenye spika unafifia, lakini mwangwi unabaki karibu vilevile. Dawa ni kusogea mbele. Kuongeza sauti kwenye rekoda hakusaidii, maana unaviongeza vyote viwili.

Mbele nako kuna kikomo. Ukikaa chini ya spika ya kushoto utaondoka na spika moja, na besi inayopasua rekodi. Mimi hupenda mstari wa katikati, karibu na fundi mitambo au hatua chache mbele yake, kwa sababu yeye huchanganya sauti kwa anavyosikia pale alipo. (Isipokuwa wamemtupa pembeni chini ya mwembe, jambo ambalo kwetu hutokea.) Kisha inua maiki juu ya vichwa, kama mita mbili na nusu. Miili na nguo za watu hunyonya sauti nyembamba, hasa matoazi na zile "s" za mwimbaji. Mti wa ufagio unatosha, ila muombe radhi aliye nyuma yako.

Ukiwa na maiki mbili za mwelekeo mmoja (zile zinazookota zaidi sauti ya mbele yake kuliko ya nyuma), shirika la utangazaji la Ufaransa la zamani, ORTF, liliacha kipimo kinachotumika mpaka leo: sentimita 17 kati yake, zikitazama nje, pembe kati yake nyuzi 110. Umbali huo unakaribia ule wa sikio hadi sikio, na kushoto na kulia vinasikika vilivyokuwa.

Kwenye sindimba isiyo na spika hesabu inageuka. Wengi hukimbilia kwa wapiga ngoma, wakarudi na ngoma tupu. Simama upande wa waimbaji, ngoma ziwe ng'ambo ya duara. Zina nguvu ya kuvuka, sauti za watu hazina.

Halafu upepo. Niliwahi kurekodi taarabu ya harusi jioni, Shangani, karibu na bahari, bila hata sponji kwenye maiki. Kwa masikio yangu upepo ulikuwa wa kupoza jasho tu. Kwenye rekodi lilikuwa lori linalopanda mlima saa nzima, na taarabu iko chini kabisa, kama redio ya nyumba ya tatu.