Tumbo na Miteremko: Maandalizi ya Ultramaratoni ya Milimani

Anayejiandaa kwa ultramaratoni, yaani mbio ndefu kuliko maratoni, ya kilomita 100 za milimani huwa anahangaikia pumzi. Lakini wengi wanaoishia njiani bado wana pumzi ya kutosha. Kinachowaangusha ni tumbo lililogoma kupokea chakula, au misuli ya mbele ya mapaja iliyoumizwa na miteremko mpaka haibebi tena uzito wa mwili. Vyote viwili hufunzika kama mapafu yanavyofunzika, na kwa maoni yangu ndivyo vinavyostahili nafasi ya kwanza kwenye ratiba ya mazoezi.

Tuanze na hesabu. Kukimbia kilomita moja ya tambarare hugharimu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wako. Mwenye kilo 70 atahitaji kama kilokalori 7,000 kwa kilomita 100, na hapo vilima havijahesabiwa. Akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini, yaani glaikojeni, ni gramu 400 hadi 500 tu, sawa na kilokalori 2,000 hivi. Pengo linazibwa na mafuta ya mwili na chakula cha njiani. Mafuta yapo ya kutosha hata kwa mtu mwembamba, ila nguvu yake hutoka polepole, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyoyaacha na kuugeukia wanga. Kwa hiyo anayeondoka mbio mbio saa ya kwanza anachoma akiba ambayo hataweza kuirudisha kwa kula, hata ale vipi.

Kwa nini asiweze? Kwa sababu utumbo una kikomo. Glukosi, sukari ambayo wanga mwingi huvunjwa kuwa, huingia kwenye damu kupitia mlango wake, na mlango huo hujaa kwenye gramu 60 hivi kwa saa. Fruktosi, yaani sukari ya matunda, ina mlango wa pili. Ukizitumia zote mbili, unaweza kufika gramu 90 kwa saa, mradi tumbo limezoezwa. Sukari ya kawaida ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi, kwa hiyo usiidharau eti kwa sababu haikuja kwenye pakiti ya kung'aa.

Kwa anayeingia mbio hizi mara ya kwanza, nashauri alenge gramu 60 kwa saa. Mfano: chupa ya nusu lita yenye gramu 35 za sukari na gramu moja ya chumvi, pamoja na jeli moja ya wanamichezo (uji mzito wa sukari wa kufyonza kwenye pakiti) yenye gramu 25 za wanga. Jumla 60. Kula kidogo kidogo kila dakika 20, na uweke kengele kwenye saa ya mkononi, maana baada ya saa sita hivi hamu ya chakula huisha na akili husahau. Anza kula ndani ya nusu saa ya kwanza, wakati ungali unajisikia vizuri. Ukisubiri njaa, umechelewa.

Kosa ninaloliona mno ni kutia gramu zote 60 kwenye chupa moja ya nusu lita. Huo ni mchanganyiko wa asilimia 12. Kinywaji kizito kuliko damu huvuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni. Tumbo hujaa gesi, huvurugika, na mwisho wake ni kuhara. Asilimia 6 hadi 8 hupita vizuri. Kwa sababu hiyohiyo jeli huteremshwa kwa maji matupu, si kwa kinywaji kingine chenye sukari.

Tumbo hufunzwa hivi. Kuanzia wiki 10 kabla ya mbio, kila mazoezi marefu ya wiki yawe pia mazoezi ya kula. Anza na gramu 30 kwa saa, ongeza gramu 10 kila baada ya wiki moja au mbili. Jaribu kula ukiwa unapanda, wakati mapigo ya moyo yako juu, na jaribu tena muda mfupi kabla ya mteremko, kwa sababu mtikisiko wa kushuka ni mtihani mwingine kabisa kwa tumbo. Beba pia kitu kisicho kitamu: viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, mkate, supu. Utamu unachosha ulimi, na baada ya saa nane jeli ile uliyoipenda inaweza kukutia kichefuchefu kwa harufu tu.

Kichefuchefu kikija, chanzo mara nyingi ni kimoja kati ya hivi: joto, kasi, au kinywaji kizito. Mwili unapopeleka damu kwenye miguu na ngozi, utumbo hubaki na damu kidogo, na chakula hukaa palepale. Dawa yake ni kutembea dakika 15 hadi 20, kujipoza kwa maji shingoni na kichwani, kunywa maji kwa mafunda madogo, kisha kurudi na sukari kidogo. Kulazimisha jeli juu ya tumbo lililosimama ni kujitafutia matapishi.

Maji hayana kipimo kimoja kwa wote. Jipime uzito bila nguo kabla na baada ya saa moja ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho, ukijumlisha na ulichokunywa. Siku ya mbio, kunywa kwa kiu. Kupungua asilimia 2 hadi 3 ya uzito si tatizo. Kuongezeka ndiko kwa kutisha: anayekunywa kupita kiasi hupunguza sodiamu, yaani madini ya chumvi, kwenye damu, na dalili zake ni vidole kuvimba, kichwa kuuma, kutapika na kuchanganyikiwa. Mtu wa namna hiyo akipewa maji zaidi anaweza kufa. Anahitaji daktari. Vidonge vya chumvi havimkingi anayeendelea kunywa bila kiu.

Sasa miteremko. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja hukaza huku inarefushwa, na kukaza kwa namna hiyo ndiko kunakochana nyuzi za misuli. Maumivu yake hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Habari njema ni kwamba mteremko mmoja mkali huikinga misuli kwa wiki kadhaa: ukirudia, madhara huwa madogo zaidi. Kwa hiyo kila baada ya siku 10 hadi 14, tafuta mteremko wa asilimia 10 hadi 15, ushuke kwa nguvu dakika 4, upande kwa kutembea, na urudie mara 4. Baada ya miezi miwili ufike mara 8. Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya mwili. Anayerusha mguu mbele anapiga breki kila hatua, na paja ndilo linalolipa. Zoezi kali la mwisho liwe wiki 2 hadi 3 kabla ya mbio. Asiye na kilima atumie ngazi: simama kwa mguu mmoja, shuka taratibu kwa sekunde 4, mara 10, seti 3 kila mguu.

Kiasi cha kupanda kipangwe kwa kuigiza njia yenyewe. Kilomita 100 zenye mwinuko wa mita 5,000 ni mita 50 kwa kila kilomita; mazoezi yako marefu yakaribie uwiano huo. Pima mazoezi kwa saa, si kwa kilomita. Na ujifunze kutembea kwa kasi: kwenye mlima mkali wengi wetu tunatumia nguvu pungufu tukitembea kuliko tukikimbia.

Wiki mbili za mwisho punguza jumla ya mazoezi karibu nusu, ukibakiza vipande vifupi vya kasi. Siku mbili za mwisho kula wanga gramu 8 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na upunguze vyakula vyenye nyuzinyuzi. Mizani itapanda kilo moja au zaidi, kwa kuwa kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Usiogope.

Dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni ziache nyumbani. Figo zinazopata damu kidogo, mwili uliokaukiwa maji na mabaki ya misuli iliyoumia ni mzigo tosha. Ibuprofeni huipunguzia figo damu hata hiyo kidogo iliyobaki.