Mnasihi hayupo kukuamulia: dhana potofu kuhusu ushauri nasaha

Dhana: Mnasihi ni mtu mwenye busara anayekwambia la kufanya.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana watu hutoka kwenye kikao wamevunjika moyo: "Saa nzima, na hajaniambia kama niachane na mume wangu au nibaki!" Mnasihi huyo hakukosea. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliamini kwamba mteja mwenyewe ndiye anayeyajua maisha yake. Mwaka 1957 alieleza masharti ya mtu kubadilika, na matatu kati yake ni ya mnasihi: aingie katika hisia za mteja, amkubali bila masharti, awe mkweli bila kujifanya. Yanasikika mepesi. Lakini msikilize mama anayekiri kwamba amempiga mwanawe hadi kumuumiza, usimhukumu wala usikimbilie kumtuliza, ndipo utajua kwa nini kazi hii husomewa.

Dhana: Nadharia ni za mtihani tu.

Nadharia ndiyo inayoamua swali utakalouliza. Kijana anasema, "Nimefeli, sina maana." Mfuasi wa Rogers atakaa naye katika uchungu ule. Mfuasi wa Aaron Beck au Albert Ellis, waliofundisha kwamba mawazo yetu ndiyo huchochea hisia zetu, atamsaidia kulipima wazo lenyewe: nani kasema aliyefeli hana maana? Asiye na nadharia yoyote husema, "Usijali, yatapita," na kijana hunyamaza.

Dhana: Bibi wa Zimbabwe wanaowasikiliza wenye matatizo kwenye mabenchi wamethibitisha kuwa mafunzo si lazima.

Kinyume chake. Daktari wa akili Dixon Chibanda alipoanzisha mabenchi ya urafiki mjini Harare mwaka 2006, wale bibi walifundishwa, wakapewa hatua za kufuata katika kutatua matatizo, na wakasimamiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Umri wao ulisaidia, lakini haukutosha.

Dhana: Cheti cha semina kinatosha.

Hapana. Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014. Marekani, programu za uzamili katika unasihi zenye ithibati ya CACREP, chombo kinachokagua ubora wa programu hizo, hudai saa 100 za mazoezi, kisha 600 za kazi chini ya msimamizi.

Dhana: Siri ya mteja haina mipaka.

Inayo. Mteja akiwa katika hatari ya kujiua, au mtoto akidhulumiwa, mnasihi hutafuta msaada nje ya chumba kile. Mweleze mteja hilo kikao cha kwanza, kabla hajafungua moyo.