Cinque Terre haikujiota yenyewe

Wiki hii tena. Mgeni kashuka treni Manarola, kimoja cha vijiji vitano vya Cinque Terre, pwani ya Italia, katazama mlima, kanyanyua simu: "Oneni Mungu alivyoumba!" Kaumba, sikatai. Kaumba jabali na mteremko wa kuvunja magoti. Yale matuta, ngazi za mashamba zilizoshikwa na kuta za mawe, ndugu yangu, yana jasho la watu. Hata UNESCO, iliposajili pwani hii mwaka 1997, iliiweka kwenye urithi wa utamaduni, si wa asili.

Lile la wageni kuviita vijiji vyetu "vijiji vya wavuvi" nalipita haraka. Monterosso sawa, dagaa wao wa chumvi wana jina. Corniglia je? Imekaa juu ya mwamba, kama mita 100 kutoka majini, bandari haina. Huko watu ni wa mizabibu.

Sasa ukuta. Mimi huongoza wageni kiangazi, na msimu wa baridi hujenga kuta, kwa hiyo nivumilieni. Hauna saruji, wala haujasahauliwa saruji. Jiwe kubwa linakaa chini kabisa, ukuta unaegemea mlima kidogo, na nyuma ya mawe ya usoni unashindilia vijiwe vidogo, kimoja kimoja. Baada ya mvua weka kiganja: maji yanachuruzika kati ya mawe, udongo unabaki. Halafu kila mwaka hakosekani mwenye shamba na mfuko wa saruji, "ili udumu." Udumu! Maji yanakosa njia, yanausukuma kwa nyuma, ukuta unatoa tumbo, siku moja unalala wote. Wa mawe matupu ukibomoka kipande, unaokota mawe yaleyale unaurudishia.

Sisi wajenzi tuna wimbo wetu pia: matope yaliyofukia Vernazza na Monterosso tarehe 25 Oktoba 2011 yaliletwa na mashamba yaliyotelekezwa. Nimewaimbia wageni mara nyingi. Siku hizi sauti inanipungua. Kwa mvua ile, hata matuta yaliyotunzwa yaliporomoka. Na shamba lililoachwa zamani, likashikwa na msitu, pengine linatulia kuliko lililoachwa juzi, ambalo kuta zimelegea na mizizi bado michanga. Wakulima wenzangu hawapendi nikisema hivyo.

Kesho nina tumbo la ukuta la mita tatu la kubomoa juu kule Volastra. Anayetaka kuona maumbile aje na glavu.