Mazizi ya farasi wa kukodi Magharibi ya Marekani: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Kila mwanamume alikuwa na farasi wake, akimfunga nje ya baa kutwa nzima.

Farasi wa kilo 450 hula takribani kilo 9 za nyasi kavu kwa siku, yaani zaidi ya tani 3 kwa mwaka. Juu ya hapo anahitaji lita 25 hadi 45 za maji kila siku, na nafaka akifanya kazi. Mwenye duka au wakili aliyeishi kwenye kiwanja kidogo cha mjini hakuwa na malisho, hivyo alikodi farasi zizini. Hata wachunga ng'ombe wengi walipanda farasi wa tajiri wa ranchi, wakiwabadilisha wanyama kadhaa kwa zamu. Mali ya mchungaji mwenyewe ilikuwa tandiko. Nguzo ya kufungia nje ya duka ilifaa kwa shughuli fupi tu. Farasi akiachwa juani bila maji, kinyesi hukauka tumboni na msokoto humpata.

Dhana: Zizi lilikuwa mahali pa kulaza farasi tu.

Hii ndiyo inayopotosha zaidi. Mwenye zizi alilaza farasi wa wageni, alikodisha wake pamoja na magari ya kukokotwa, alinunua na kuuza wanyama, aliuza malisho, na mara nyingi gari la kubebea jeneza lilitoka kwake. Ndiyo maana watu wazito wa mji waliwekeza humo. Huko Tombstone, Arizona, John Behan, sherifu wa kaunti ya Cochise, alikuwa mbia katika zizi la Dexter.

Kazi ilihitaji jicho kali. Mteja asiyefahamika alipewa farasi mpole, si mwenye kasi. Kabla ya kutoka, kola ya ngozi ya kukokotea gari ilipimwa shingoni: kiganja kilicholala bapa kipite kati ya kola na koo. Ikibana, farasi hukosa pumzi mlimani. Ikilegea, husugua bega hadi kidonda, na mnyama huyo hakodishwi tena mpaka apone. Farasi akirudi safarini, kwato zilikaguliwa kama zimenasa mawe. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, kwani farasi akijilia pipa zima kwato zake hupata uvimbe wa ndani, na anaweza kubaki kilema maisha yake yote.

Dhana: Reli iliyaua mazizi.

Kinyume chake, treni ilileta wateja. Mchuuzi wa jumla aliyeshuka stesheni na masanduku ya sampuli bado alihitaji gari na farasi wa kumfikisha vijiji ambavyo reli haikugusa.

Reli ilisafirisha maradhi pia. Homa ya mafua ya farasi iliyozuka Toronto mwaka 1872 ilifuata njia za reli hadi pwani ya Pasifiki mwaka 1873. Wengi walipona, lakini kwa majuma kadhaa usafirishaji ulikwama mji baada ya mji.

Dhana: Moto wa zizi ulisababishwa na taa iliyopigwa teke.

Taa na sigara zilikuwa hatari kweli. Lakini nyasi zilizorundikwa darini zikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 20 huchachuka na kujipasha moto zenyewe, na zinaweza kuwaka siku au majuma kadhaa baadaye. Kipimo cha zamani ni kusukuma fimbo ya chuma katikati ya rundo na kuichomoa baada ya muda: isiposhikika kwa mkono, rundo lifumuliwe, na maji yawe karibu, kwa sababu hewa ikiingia ghafla huweza kuamsha moto. Muundo wa jengo nao uliongeza balaa. Milango mikubwa miwili, mbele na nyuma, ilivuta upepo, na nyasi zilikuwa juu ya vichwa vya farasi waliofungwa.

Dhana: Mapigano mashuhuri ya bunduki ya O.K. Corral, zizi la huko Tombstone, yalitokea ndani ya zizi hilo.

Tarehe 26 Oktoba 1881 walinzi wa sheria na kundi la wachunga ng'ombe walipigana risasi kwenye uwanja mwembamba kando ya studio ya mpiga picha Fly, mtaa wa Fremont, nyumba kadhaa kutoka mlango wa nyuma wa zizi. Billy Clanton na ndugu wawili, Tom na Frank McLaury, waliuawa. Filamu ya 1957, Gunfight at the O.K. Corral, ndiyo iliyolitia jina la zizi hilo vinywani mwa watu duniani kote.

Dhana: Gari la Ford Model T lilipokuja mwaka 1908, mazizi yalifungwa mara moja.

Barabara za tope ziliwapa farasi miaka zaidi. Na mazizi mengi hayakubomolewa, yaligeuzwa gereji: milango ilikwisha kuwa mipana, na ukumbi wa kati ulitosha gari kuingia upande mmoja na kutokea mwingine.